Kaseti ya sita

SWALI

Fundi, shikamoo. Mie ni msomaji wako wa Msambweni, hapa hapa Tanga. Nakuandikia habari ya sanduku.

Sanduku ni la mama. Tangu nipate akili liko chini ya kitanda chake. Mwezi uliopita mvua ilipiga kwa dirishani, maji yakaingia, ikabidi tulitoe. Mama ana miaka 82 na magoti hayamruhusu kuinama, basi akaniachia ufunguo. Ndani nimekuta kaseti 14, mikanda miwili ya video, albamu tatu, bahasha ya picha za studio nyeusi na nyeupe, na mkebe wa bati wenye filamu nyembamba iliyoviringishwa. Mkebe huo babu aliachiwa na bwana mmoja wa shamba la mkonge alipokuwa anarudi kwao. Nilipoufungua ulinuka siki.

Zinazonikosesha usingizi ni kaseti. Baba alikwenda Maskati mwaka 1981, akakaa miaka saba. Mama Kurani anaisoma vizuri, lakini barua za herufi za kizungu zilikuwa zinampa tabu, na hakutaka kusomewa na watu maneno ya mumewe. Basi baba akawa anazungumza kwenye kaseti, upande A, anampa msafiri. Mama anajibu upande B, kaseti inarudi. Baba aliporudi mwaka 1988 alikuja nazo zote. Ninavyokumbuka, siku kaseti ikifika sebule ilikuwa inajaa, maana baba alikuwa akiwasalimu watu wa mtaa mmoja mmoja kwa majina, na kila mtu alitaka kusikia lake.

Za baba ni sita. Moja kaka yangu aliirekodia taarabu ya redioni upande mmoja alipokuwa mtoto. Ya sita ina maandishi ya baba mwenyewe: "Ya mama yenu peke yake." Hiyo mama aliisikiliza chumbani, mlango umefungwa. Baba alifariki mwaka 1999.

Nikaazima redio kaseti ya jirani, nikatia ile ya kwanza. Nikasikia "Assalaam aleykum nyote mliopo hapo", halafu sauti ikazama kama mtu anayesinzia, redio ikaumeza mkanda. Nimeutoa kwa kalamu huku nalia. Umekunjamana kama urefu wa mkono.

Kijana mmoja mwenye kibanda cha kuchapisha anasema nimwachie vyote, kila kaseti elfu kumi na tano, baada ya wiki atanipa flashi. Video atazirekodi kwa simu mbele ya TV. Kaka yangu wa Dar anasema mpe tu, kisha hayo makorokoro uyatupe, yanajaza nyumba. Anataka kaseti zote ziwekwe kwenye grupu la ukoo, na mkanda wa harusi ya dada, ya 1996, upandishwe YouTube ili walioko nje waone. Huyu huyu mwaka 2008 alichoma picha zetu kwenye sidi. Mwaka jana tumeitia sidi ile kwenye kompyuta, haifunguki.

Nianze wapi? Na ile ya sita, niisikilize? Nikimtajia mama habari ya kaseti hunyamaza, hutabasamu, kisha huniuliza kama nimeanika nguo.

Binti wa Msambweni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nilipomaliza kusoma barua yako nilinyanyuka kwenda kuliangalia kabati langu mwenyewe.

Tuanze na redio ya jirani, maana najua unajilaumu. Kaseti ya baba yako haijafa. Mgonjwa ni redio. Sauti inayozama vile inatoka kwenye mpira wa kuzungushia uliolegea, au rola iliyokauka ikang'aa kama kigae. Kile kijiti cha kukusanya mkanda kinakosa nguvu, mkanda unaotolewa unakosa wa kuupokea, unajisokota ndani. Kwa miaka zaidi ya 30 nimefungua redio za namna hiyo pale Ngamiani, na mpira ukishazeeka kwa joto letu la pwani hunata vidoleni kama lami.

Mkanda wa kaseti unapita kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo urefu wa mkono ni kama sekunde 15 tu za maneno, na hata hizo hazijapotea. Nawa mikono, ikauke sawasawa, upitishe mkanda taratibu katikati ya vidole mpaka ulale. Pale palipokunjika patakwaruza kidogo, lakini utamsikia. Ukikatika, usiuunganishe kwa selotepu ya ofisini, gundi yake huvuja na kugandisha mizunguko iliyo jirani. Upo utepe wake maalumu. Na kama kava halina skurubu, mkanda huhamishiwa ndani ya kava la kaseti nyingine yenye skurubu. Kazi ya robo saa kwa mtu aliyezoea. Usijifunzie hapo, jifunzie kwenye kaseti ya duka isiyo na faida.

Leo hii, kabla hujalala, vunja vile vikucha viwili vya plastiki mgongoni mwa kila kaseti ya baba. Kimoja ni cha upande A, kingine cha B. Vikishatoka, kitufe cha kurekodi hakibonyezeki. Mkanda wa video una kimoja, nacho kivunje. Kidole cha mtoto mmoja kwenye kitufe chekundu kimeshafuta wazee wengi kuliko maji ya mvua.

Kaka yako ni mmoja wa watoto hao, lakini mwambie asijione mkosaji sana. Alichorekodi upande mmoja hakikugusa upande wa pili, kila upande una njia zake kwenye mkanda ule ule. Na hata upande aliouharibu, usiuache mara taarabu inapokoma. Uendeshe mpaka mwisho kabisa. Watoto hurekodi nyimbo mbili tatu wakachoka, na mara nyingi mkiani mnabaki dakika kadhaa za sauti ya zamani. Yaliyo chini ya taarabu yenyewe ndiyo basi, hakuna fundi wa kuyatoa.

Sasa umeniuliza uanze wapi. Mie ningeanza na picha za bahasha, si kaseti, na wala nisingeanza na mashine yoyote. Mkanda ukihifadhiwa pakavu utakungoja miaka mingine kumi. Mama ana miaka 82. Picha ya studio yenye wanawake wanne waliosimama mbele ya pazia, kama hakuna anayejua majina yao, hata ukiiskani kwa mashine ya serikali itabaki wanawake wanne mbele ya pazia.

Kaa naye barazani asubuhi, akili ikiwa imetulia. Simu iweke mezani irekodi sauti, isiwe usoni mwake. Picha kumi kwa kikao, zisizidi. Usimuulize "huyu nani" tu. Muulize ni mtoto wa nani, alikaa mtaa gani, nguo ile ilishonwa kwa sikukuu ipi. Kama kanga inaonekana jina, msomee, huenda jina likamkumbusha mwaka kuliko sura. Akitoka nje ya habari, mwache atoke. Anza kila picha kwa kutaja namba yake kwa sauti, "namba saba", ili baadaye ujue anazungumzia ipi. Namba iandike kwa penseli laini nyuma, kwa mkono mwepesi. Picha za rangi za miaka ya themanini mgongo wake ni wa plastiki, penseli haishiki na wino huchafua nyingine, kwa hiyo hizo zitie kila moja kwenye bahasha ya karatasi na namba uandike juu ya bahasha. Na migongo yote uipige picha vilevile. Watu wetu waliandika nyuma: "Pokea ukumbusho huu", jina, tarehe, wakati mwingine muhuri wa studio. Huo ndio ushahidi wenyewe.

Skana ukiipata, weka 600 dpi, yaani nukta 600 kwa inchi, kwa picha ya kawaida. Usipoipata, simu nzuri kivulini karibu na dirisha inatosha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na picha. Albamu za ile karatasi ya gundi yenye plastiki juu ni adui. Inua plastiki ukipiga picha, lakini picha iliyoshika usiibandue kwa ukucha. Jaribu kupitisha uzi laini chini yake kama unayekata ugali, ikigoma iache, ipige hapo hapo ilipo. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu ndiyo usiiguse kabisa. Ivute, na uso wa bibi utabaki kwenye kioo.

Nirudi kwenye kaseti. Tafuta redio kaseti au deki ya kaseti nzima, fundi aibadilishie mipira, asafishe hedi, yaani kile kichwa kinachosoma mkanda, na rola kwa spiriti. Ijaribu kwanza kwa kaseti mbili tatu za duka. Nimehesabu, ukitoa za baba zinabaki nane. Kama humo mna Lucky Star au Black Star, vile vikundi vya taarabu vya hapa Tanga, utaniona mlangoni, nakwambia kweli. Lakini za namna hiyo Tanga hii zipo kwenye masanduku mengine. Sauti ya baba yako haipo kwa mtu mwingine duniani, kwa hiyo hizo nane ndizo za majaribio, na kama ni lazima kijana wa kibanda apewe kitu, apewe hizo. Za baba hazilali nje ya nyumba.

Toa waya kwenye tundu la spika za masikioni la redio mpaka kwenye laptopu. Laptopu nyingi tundu lake ni la maikrofoni, sauti itaingia chafu, kwa hiyo nunua kile kidude cha USB cha kuingizia sauti. Programu ya Audacity ni ya bure. Rekodi kwa 48 kHz na biti 24, uhifadhi kama WAV, faili la sauti lisilobanwa. Saa moja ni kama GB 1, hivyo kaseti sita za dakika 60 zinaingia kwenye flashi ya kawaida na nafasi inabaki. MP3 utatengeneza baadaye kwa ajili ya kutuma. Mistari ya sauti isigonge juu, ikigonga maneno yanapasuka na hayarekebishiki. Usisafishe mvumo wala mikwaruzo kwenye nakala ya kwanza. Nimesikia kazi za vijana walioondoa "kelele" zote, marehemu akatoka kama anaongea ndani ya mtungi, na sauti ya feni na honi za Maskati zikaenda nazo.

Jambo moja mafundi wengi wa leo hawalijui. Kaseti hizi zilirekodiwa kwa mashine mbili, ya baba yako kule na ya mama yako huku, na kila mashine hedi yake ilikaa kwa mwinamo wake. Ukisikia upande mmoja uko wazi na mwingine kama umefunikwa blanketi, si uzee. Karibu na hedi kuna skurubu ndogo. Kaseti ikiwa inacheza, izungushe kidogo sana, robo ya robo, huku unasikiliza herufi "s" na "sh". Zikichomoza, simama hapo. Fanya hivyo kwa kila upande kabla ya kurekodi. Na ukisikia neno linanong'onwa kwa mbali kabla halijasemwa, usiogope, si jini. Mkanda ukikaa miaka mingi umeviringwa, sumaku ya mzunguko mmoja huacha alama kwenye mzunguko wa jirani yake.

Video. Kurekodi TV kwa simu ni kumpiga mtu picha kupitia chandarua, mwambie kijana hapana. Inatakiwa deki ya video, na deki hizo zinaadimika, kampuni ya mwisho duniani kuzitengeneza, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Ukipata nzima, waya zake ziingie kwenye kidude cha kunasia video, mfumo uuweke PAL, maana ndio uliotumika kwetu. Kabla ya yote tazama kidirisha cha mkanda kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe kandokando, ni ukungu, usiutie kwenye deki hata kwa kujaribu, utaambukiza hedi na mkanda wa pili utakufa naye.

Mkebe unaonuka siki utoe sandukuni leo. Filamu ya zamani ya asetati ikianza kuoza hutoa siki, na mvuke huo huozesha filamu na kuunguza picha zilizo jirani. Uweke chumba kingine, mahali penye hewa na baridi kuliko pote nyumbani, kifuniko kisikazwe. Usiogope moto, filamu nyembamba ya milimita 8 haikutengenezwa kwa ile nitrati inayolipuka. Lakini usikubali mtu aipitishe kwenye projekta, ikishasinyaa, meno ya projekta yatachana matundu yake yote ya kandoni. Kunjua kipande kidogo, kishike kingo zake juu ya skrini nyeupe ya simu, upige picha fremu kadhaa uone mna nini. Kama ni mbwa wa bwana mkonge, tumemaliza. Kama ni watu wa kambini, tuandikie tena.

Kaka yako nina maneno naye mawili. Sidi aliyoichoma 2008 ilikuwa na rangi ndani yake ambayo kwa joto na mwanga hufifia, ndiyo maana haifunguki, na ingekuwa picha zenyewe zimetupwa, leo mngekuwa mnalia wote wawili. Makorokoro hayatupwi. Nakala ziwe tatu: laptopu, diski ya nje, na moja akae nayo yeye huko Dar, maana Msambweni nyumba ikiungua laptopu na diski zinaungua pamoja. Kila Idi zifungueni mjue ni nzima. Picha mkitumiana kwa WhatsApp zitumeni kama hati, la sivyo inazibana.

Na harusi ya 1996 haiendi YouTube. Wanawake wale walivua mabuibui wakacheza ndani kwa sababu waliokuwapo walikuwa wanawake wenzao na mpiga video waliyempitisha wao. Walioko nje waitazame wakija, au watumiwe sehemu ya ukumbini. Wengi wa wale mabinti sasa ni mabibi wa watu.

Tumebaki na ya sita.

Usiisikilize. Baba yako aliiandikia anwani kwa mkono wake, na mwenye anwani yupo, anakuuliza habari za nguo. Ukisema utaihamisha tu kwa usalama, inawezekana kuihamisha bila kuisikia: sekunde za mwanzo za salamu zinatosha kuweka ile skurubu, kisha unachomoa spika za masikioni, unatazama mistari ya sauti kwenye skrini inavyopanda na kushuka mpaka inyamaze. Nimewahi kuwafanyia watu hivyo. Lakini hata hilo kwanza aulizwe.

Usimuulize mbele ya wajukuu wala kwenye simu na kaka. Siku redio itakapokuwa imepona na umeshamchezea zile tano, amesikia majirani wakisalimiwa, akacheka, mpe ya sita mkononi. Mwambie, "Mama, redio iko tayari." Akitaka kuisikiliza, mwekee chumbani, muonyeshe kitufe cha kusimamisha, ufunge mlango ukitoka. Akikuruhusu uihamishe, ihamishe kimya kimya kama nilivyokwambia, na faili lake lisiingie grupu lolote. Akisema ifutwe, nitaumia mie fundi, lakini ifutwe.

Akinyamaza na kutabasamu tena, irudishe sandukuni na pakiti ya silika ya kunyonya unyevu kutoka kwenye boksi la viatu, sanduku likae mbali na dirisha, na ufunguo umrudishie.